Mlaji Haogopi Bure

Kila linapozuka jambo la chakula, yawe ni mahindi yaliyozuiwa mpakani, samaki wanaodaiwa kutiwa dawa ya kuhifadhia maiti au video ya tonge la wali linalodunda mezani, hazipiti siku mbili kabla mtaalamu hajaketi mbele ya kamera na kutoa hukumu ileile: wananchi hawana elimu. Wanaogopa visivyo na madhara na wanakula vyenye sumu. Wanakimbia GMO, yaani vyakula vilivyobadilishwa vinasaba, na kuku wa kisasa, kisha jioni wanasonga ugali wa mahindi yaliyoota ukungu. Dawa yake, tunaambiwa, ni semina, vipeperushi na matangazo ya redio.

Hukumu hii imezoeleka mno. Waandishi wa habari huinakili bila kuihoji, wafadhili huigharimia, na hata walaji wenyewe wameanza kuirudia, kila mmoja akimsema jirani yake. Mimi naipinga. Sidai kwamba mlaji hakosei. Hukosea, na baadhi ya makosa yake huua. Naipinga kwa sababu imempandisha kizimbani mtu asiyehusika, na muda wote anaosimamishwa pale, wanaohusika hawaulizwi neno.

Wanaosema mlaji ana hofu tupu huegemea, wakijua au wasijue, kwenye kazi ya mwanasaikolojia wa Marekani Paul Slovic, aliyoifupisha katika jarida la Science mwaka 1987. Makundi manne yalipewa orodha ya shughuli na teknolojia 30, yazipange kuanzia ile yenye hatari kubwa zaidi: wanawake wa jumuiya ya wapiga kura, wanafunzi wa chuo, wanachama wa klabu ya wafanyabiashara na wanataaluma, na wataalamu wa kupima hatari. Umeme wa nyuklia ulikuwa wa 1 kwa wanawake na kwa wanafunzi, lakini wa 20 kwa wataalamu. Tokeo hilo limesimuliwa duniani kote kama ushahidi kwamba raia huogopa kivuli.

Wachache hushuka chini kwenye jedwali lenyewe. Viuatilifu vilikuwa vya 9 kwa wanawake na vya 8 kwa wataalamu, yaani karibu sawasawa. Vihifadhi vya chakula vilikuwa vya 14 kwa wataalamu, na vya 25 kwa wanawake wale. Rangi za chakula zilikuwa za 21 kwa wataalamu na za 26 kwa wanawake. Wanafunzi walikuwa na wasiwasi zaidi, wakaviweka vihifadhi nafasi ya 12, lakini hata hao hawakuwa mbali na wataalamu. Kwa vitu vinavyoingia tumboni, wanawake waliotakiwa kuwa mfano wa hofu isiyo na msingi ndio waliokuwa watulivu kuliko mabingwa.

Na Slovic mwenyewe hakuhitimisha kwamba raia ni mjinga. Aligundua kwamba wataalamu walikuwa wakipanga hatari kwa kipimo kinachokaribiana na idadi ya vifo kwa mwaka. Raia waliulizwa idadi hiyo, nao wakaikadiria si vibaya sana. Ila walipoulizwa kuhusu hatari, waliingiza na mambo mengine. Je, nimejichagulia mwenyewe au nimelazimishwa? Je, inaonekana au imefichika? Itawagusa watoto wangu? Itaua wengi kwa mpigo? Aliandika kwamba mtazamo huo wa raia ni mpana kuliko ule wa wataalamu na una mambo halali ambayo hesabu ya wataalamu huyaacha nje. Nusu hiyo ya utafiti haijawahi kufika kwenye semina zetu.

Katika maswali ya aina hiyo ya raia, lililo zito kuliko yote huku kwetu ni hili: anayeniambia kitu hiki ni salama atapoteza nini ikiwa amekosea?

Waingereza walilijibu kwa gharama kubwa. Mwezi Mei 1990 waziri wa kilimo, John Gummer, alisimama mbele ya wapiga picha na binti yake wa miaka minne, akajaribu kumlisha baga, ili taifa lione kwamba ugonjwa wa kichaa cha ng'ombe haumhusu binadamu. Nyuma yake alikuwa na ripoti ya wataalamu ya mwaka 1989, iliyosimamiwa na Sir Richard Southwood, iliyosema uwezekano wa ugonjwa kumhamia binadamu ni mdogo sana. Ripoti ileile ilionya kwamba ikiwa makadirio hayo si sahihi, matokeo yatakuwa mabaya mno. Onyo hilo halikufika kwenye kamera. Tarehe 20 Machi 1996 waziri wa afya, Stephen Dorrell, alilitangazia bunge kwamba huenda watu wameambukizwa kwa kula nyama ile. Aina ya ugonjwa huo inayompata binadamu imeua watu 178 nchini Uingereza. Tume ya Lord Phillips ilipotoa ripoti yake mwaka 2000, ilisema serikali haikudanganya. Iliamini kweli kwamba hatari ni ndogo, na ikajishughulisha mno na kuzuia taharuki. Kampeni ya kuwatuliza watu, tume ikasema, ilikuwa kosa. Walaji waliokuwa wameacha nyama ya ng'ombe mwaka 1990 waliitwa waoga. Hawakuwa na maabara. Walichokuwa nacho ni macho ya kumtazama waziri anayetumia mtoto wake kama hoja.

Turudi nyumbani, kwenye nzi. Mtu yeyote anayenunua nyama au samaki katika miji ya Afrika Mashariki amewahi kusikia ushauri huu: angalia kama nzi wanatua. Wasipotua, kuna dawa. Ushauri huo ulisambaa upya Kampala mnamo Januari 2018, baada ya wauza nyama kukamatwa kwa tuhuma za kutumia fomalini, ile dawa ya kuhifadhia maiti, na Nairobi mnamo Julai 2019, baada ya taarifa ya runinga kudai kwamba baadhi ya supamaketi hutia nyama sodiamu metabisulfaiti kupita kiasi ili ionekane mbichi. Wataalamu wa afya walishangaa: watu wanakimbilia nyama yenye nzi! Nzi hubeba vijidudu vya kuhara. Ni kweli hubeba. Nami sitamshauri mtu anunue nyama iliyofunikwa na nzi.

Lakini hebu tujiulize mnunuzi huyo alikuwa na nini kingine mkononi. Muhuri wa mkaguzi uko kwenye paja la ng'ombe asubuhi. Jioni paja limekwisha kukatwakatwa na hakuna anayejua kilichopakwa katikati ya saa hizo. Kama sampuli ilichukuliwa, majibu yalikwenda ofisini, wala hayakubandikwa buchani. Nzi ndiye mkaguzi pekee anayefanya kazi siku zote, mbele ya mteja, bila kuhongwa. Ni mkaguzi mbovu. Hata hivyo, mtu anayemtumia amefikiri: ametafuta dalili anayoweza kuiona mwenyewe, isiyotegemea neno la muuzaji wala la ofisa. Ukitaka aache kumwamini nzi, mpe kitu bora cha kuamini. Kumwambia kwamba nzi ni mchafu ni kumnyang'anya alichonacho bila kumpa mbadala.

Mfano wa mchele ni mzuri zaidi, maana ndio unaotumiwa sana kuonyesha ujinga wetu. Desemba 2016 forodha ya Nigeria ilikamata mjini Lagos magunia 102 ya mchele, tani 2.5, ikidai ni wa plastiki. Habari ikaruka hadi kwetu, na mwaka uliofuata watu walikuwa wakichoma punje kwa kiberiti jikoni. Maabara ya mamlaka ya chakula na dawa ya Nigeria ikapima na kutoa jibu: si plastiki, ni mchele. Hapo ndipo wataalamu wengi humalizia hadithi. Jibu lilikuwa na sehemu ya pili: mchele ule ulikuwa na vijidudu kupita kiwango kinachoruhusiwa, haukufaa kuliwa. Yaani mtu aliyeutilia shaka alikosea jina la ubaya, hakukosea kwamba ubaya upo. Mchele wa magendo, uliofichwa ghalani hakuna ajuaye kwa muda gani, ulistahili shaka. Kisha mtaalamu akatangaza ushindi dhidi ya neno plastiki, na uchafu halisi ukapita kimyakimya.

Sasa nifike kwenye sumukuvu, kwa sababu hapa ndipo hukumu ya ujinga hutamkwa kwa sauti kubwa kuliko mahali pengine popote, na hapa ndipo inapoporomoka.

Sumukuvu hutengenezwa na ukungu wa jamii ya Aspergillus, hasa kwenye mahindi na karanga. Sayansi iliijua baada ya mwaka 1960, bata mzinga zaidi ya 100,000 walipokufa Uingereza kwa kula mashudu ya karanga. Kiungo inachokishambulia zaidi ni ini. Ipo katika kundi la kwanza la visababishi vya saratani kwa mujibu wa idara ya utafiti wa saratani ya Shirika la Afya Duniani, na mtu mwenye virusi vya homa ya ini aina ya B huathirika maradufu na zaidi. Kwa dozi kubwa huua ndani ya siku chache: tumbo hujaa, macho huwa manjano, mgonjwa hutapika. Mwaka 1981 wilayani Machakos, Kenya, walilazwa wagonjwa 20 na 12 wakafa. Mwaka 2004, Makueni, Kitui na wilaya jirani, waliugua watu 317, wakafa 125. Mwaka 2016 ilikuwa zamu ya mikoa ya Dodoma na Manyara hapa Tanzania: wagonjwa 68, vifo 20.

Hoja ya wataalamu ni kwamba mlaji haiogopi vya kutosha. Anabishana kuhusu GMO, lakini hajali ukungu. Ni kweli kwamba ukiwauliza watu sokoni wataje hatari za chakula, wengi wataanza na kemikali na vyakula vya kisasa, na sumukuvu itachelewa kutajwa kama itatajwa. Lakini kutotajwa ni kitu kimoja na kutojali ni kitu kingine. Tangu zamani wanawake wa vijijini hupembua mahindi, wakatoa punje zilizobadilika rangi, zilizovunjika, zenye ukungu. Wataalamu wa leo wamepima na kukuta kwamba kuchambua huko hupunguza sana sumu, maana hujikusanya kwenye punje chache mbovu. Hakuna semina iliyowafundisha. Na pale punje mbovu zinapoishia kwenye pombe au kwa kuku, si kwa sababu mama hajui ni mbovu. Anajua, ndiyo maana amezitenga. Anachokosa ni uwezo wa kutupa chakula.

Wachunguzi wa tukio la mwaka 2004 walikuta kwamba waliougua walikuwa wamehifadhi mahindi mabichi ndani ya nyumba badala ya kwenye vihenge. "Uhifadhi duni" ndiyo lugha iliyotumika, na kuanzia hapo ikawa mada ya vipeperushi. Lakini kwa nini familia iweke mahindi chini ya kitanda? Ulikuwa msimu wa njaa. Watu walivuna kabla hayajakauka na kuyaingiza ndani kwa kuhofia wezi. Walipima hatari mbili: ya kuibiwa, waliyoiona kwa macho, na ya kuvu, isiyoonekana. Kihenge kilicho nje hakimfai mtu ambaye jirani zake hawajala. Kipeperushi hakikuwa na neno la kumwambia.

Tena ugonjwa huo haukutoka kwenye vihenge vya watu wasiojua peke yake. Mwaka huohuo wachunguzi walichukua sampuli 350 za mahindi na bidhaa zake kwenye masoko ya wilaya zilizoathirika. Asilimia 55 zilizidi sehemu 20 katika bilioni, kiwango kilichokuwa kikikubalika wakati huo. Asilimia 35 zilizidi 100. Asilimia 7 zilizidi 1,000. Mtu aliyekuwa na elimu yote ya duniani na fedha ya kununua angekwenda soko lile na kurudi na sumu. Haina harufu, haibadilishi ladha, na kupika hakuiondoi. Punje inaweza kung'aa na ikawa nayo.

Kuna jambo jingine ambalo wataalamu hawapendi kulizungumza mbele yetu. Kwa miaka mingi wataalamu wa lishe wametuhimiza tuache sembe tule dona. Sababu zao ni za kweli: kukoboa huondoa kiini na ganda, na humo ndimo kuna vitamini, madini na nyuzinyuzi. Anayependa sembe nyeupe amechekwa kama mtu anayefuata weupe wa unga bila akili. Lakini sumukuvu nayo hukaa zaidi kwenye ganda na kiini. Vipimo vya muthokoi, mahindi yaliyokobolewa yanayoliwa Ukambani, vimeonyesha kwamba kukoboa hupunguza sumu kwa karibu nusu kwa wastani. Pumba iliyotolewa huenda kwa ng'ombe, na sehemu ya sumu ikarudi kwenye maziwa, lakini hiyo ni ofisi ya mtaalamu wa tatu. Sasa mlaji afanyeje? Mtaalamu wa lishe amwambie dona, wa sumu amwambie akoboe, na wote wawili wamlaumu kwa kutosikiliza. Binafsi nadhani jibu linategemea mahindi yametoka wapi na yamepimwa vipi, na hilo ndilo hasa ambalo hakuna anayemwambia.

Watatokea watakaonikumbusha kwamba viwango vipo. Vipo. Kiwango cha Afrika Mashariki kwa mahindi ni sehemu 10 katika bilioni kwa sumukuvu zote kwa jumla, na 5 kwa aina ya B1 iliyo kali zaidi. Umoja wa Ulaya umeweka 4 na 2 kwa nafaka za kuliwa moja kwa moja. Wao mahindi ni kitafunwa; sisi ni chakula cha mchana na cha jioni. Mtu anayekula gramu 400 za unga kwa siku, na wako wengi, akila mahindi yaliyofikia kiwango chetu barabara ameingiza mwilini mikrogramu 4 kila siku ya maisha yake, na kisheria amekula chakula salama. Kamati ya pamoja ya FAO na WHO inayochunguza sumu za aina hii haijatangaza kiasi cha sumukuvu ambacho mtu anaweza kula kila siku bila hofu. Ushauri wake ni kwamba ipunguzwe kadiri inavyowezekana. Kwa hiyo namba 10 ni mapatano kati ya afya na upatikanaji wa chakula. Mapatano hayo yanaweza kuwa ya busara. Ukiweka 2, huenda nusu ya nchi ikakosa cha kula. Ila ni uamuzi wa kisiasa na kiuchumi, na mlaji anayeuliza "salama kwa nani?" ameligusa jambo lenyewe. Kumjibu kwamba hajasoma ni kumkosea adabu.

Na hicho kiwango husimamiwaje? Novemba 2019 shirika la viwango la Kenya, KEBS, lilipiga marufuku chapa tano za unga wa mahindi kwa kuzidi kiwango cha sumukuvu. Januari 2020 likaongeza 17. Chapa hizo zilikuwa na alama ya ubora kwenye pakiti. Zilikuwa kwenye rafu, bei sawa na nyingine, kwa wateja waliosoma na wasiosoma. Waliozinunua walipata habari baada ya kula. Kisha Machi 2021 Kenya ikazuia mahindi ya Tanzania na Uganda kwa sababu hiyohiyo, na siku chache baadaye ikayafungulia kwa masharti ya vyeti. Malori yalipokuwa yamepanga foleni Namanga, swali lililoulizwa kwenye vyombo vyetu vya habari lilikuwa la biashara: wakulima watauza wapi? Swali la mama wa Tandale, Dar es Salaam, anayenunua unga uleule kwa kilo halikuulizwa. Kama mahindi yale yalikuwa na sumu, basi sisi tunaobaki nayo ndio tuliostahili kuambiwa kwanza. Kama hayakuwa nayo, tuonyeshwe vipimo. Hatukupewa kimojawapo, tukaambiwa tupuuze uvumi.

Ndiyo maana sikubali mzaha kuhusu GMO. Mimi mwenyewe sioni ushahidi kwamba mahindi yaliyobadilishwa vinasaba na kupitishwa na wadhibiti yamemdhuru mtu kwa kuyala, na nasema hivyo wazi. Lakini tazama Kenya ilivyowafundisha raia wake. Novemba 2012 serikali ilipiga marufuku kuingiza vyakula hivyo baada ya kuchapishwa utafiti wa panya wa Mfaransa Gilles-Éric Séralini. Novemba 2013 jarida lililouchapisha liliufuta utafiti huo. Marufuku ikabaki, mwaka hadi mwaka. Oktoba 2022 baraza la mawaziri likaiondoa kwa tamko, katikati ya ukame, na kesi zikaanza mahakamani. Mwezi uliofuata waziri wa biashara, Moses Kuria, alisema hadharani kwamba nchini mwake kuna vitu vingi vinavyogombea kuua watu, hivyo hakuna ubaya kuongeza na GMO. Nani hapo aliitupa sayansi? Mama aliyesikia maneno hayo na kuamua kutonunua hakuhitaji kujua kinasaba ni nini. Alijua waziri amemwonaje.

Nikubali sasa lililo la kweli upande wa pili, tena kwa ukamilifu. Makadirio ya Shirika la Afya Duniani ya mwaka 2015 yanasema watu milioni 600 huugua kila mwaka kutokana na chakula, na 420,000 hufa. Kanda ya Afrika peke yake ina wagonjwa milioni 91 na vifo 137,000. Sehemu kubwa ya mzigo huo, karibu asilimia 70 katika kanda yetu, ni magonjwa ya kuhara. Ni vijidudu, wala si viuatilifu, si rangi, si vinasaba. Mtaalamu anaposema tunawaogopa adui wadogo na kuwasahau wakubwa, takwimu zinamuunga mkono. Zambia ilipokataa mahindi ya msaada yenye GMO mwaka 2002, wakati wa njaa, hofu ilikuwa na gharama. Lakini ule ulikuwa uamuzi wa rais na washauri wake, haukuwa wa mnunuzi sokoni.

Hata kwenye vijidudu, hata hivyo, mlaji si yule anayechorwa. Watafiti wa ILRI, taasisi ya kimataifa ya utafiti wa mifugo yenye makao Nairobi, miongoni mwao Delia Grace, wamekuwa wakieleza kwa miaka kwamba kijidudu kuwepo kwenye bidhaa si sawa na ugonjwa kuwepo. Maziwa ya mchuuzi wa baiskeli huwa na bakteria wengi. Lakini karibu kila nyumba huyachemsha kabla ya kuyanywa. Wameonyesha pia kwamba chakula cha maduka rasmi si lazima kiwe safi kuliko cha soko la kawaida. Hatari ambayo mlaji anaweza kuishughulikia kwa sufuria na moto ameishughulikia tangu enzi za bibi yake, bila semina. Anapoambiwa anawe mikono na kuosha mboga, tatizo lake mara nyingi ni maji: yanatoka mara mbili kwa wiki, au anayanunua kwa ndoo, au hayo yenyewe ndiyo machafu. Na kila kipindupindu kinapoingia mjini, agizo la kwanza huwaangukia mama lishe na wauza matunda. Bomba lililopasuka karibu na mfereji wa maji taka hubaki limepasuka.

Hapo ndipo tofauti kati ya mlaji na mtaalamu inapoonekana vizuri. Kila mmoja anajibu swali lake. Mtaalamu anauliza wangapi watakufa kati ya milioni, na anahitaji kulijibu, maana bajeti hupangwa kwa hesabu hiyo. Mlaji anauliza: nani ananilisha, alijua nini, na nikiumwa nitamshika wapi? Kijidudu cha kwenye kisu changu mwenyewe hakina mtu wa kushtakiwa. Fomalini ina mtu. Unga wenye alama ya ubora na sumu ndani yake una mtu, tena zaidi ya mmoja. Hofu ya mlaji huenda kule kuliko na usaliti, na mtu anayeishi mahali ambapo kusalitiwa ni jambo la kila mwaka hakosi akili kwa kuufuatilia.

Elimu inafaa kwa anayeweza kuitumia. Mkulima wa Kiteto, mkoani Manyara, anafaidika akifundishwa kuanika kwenye turubai badala ya ardhini, kukausha hadi unyevu wa asilimia 13.5 au chini yake, kutumia mifuko isiyopitisha hewa, kuweka magunia juu ya chaga. Anafaidika akipata Aflasafe, ile kuvu isiyo na sumu inayomwagwa shambani ili ishindane na yenye sumu, iliyoidhinishwa Kenya mwaka 2015 na baadaye hapa kwetu. Mradi wa TANIPAC wa kudhibiti sumukuvu umefanya kazi katika maeneo kama hayo, na sina ugomvi na mafunzo yake kwa wakulima. Ugomvi wangu ni na bango linalomwambia mnunuzi wa mjini "epuka sumukuvu". Aiepuke kwa kutumia nini?

Kibaigwa, pale Kongwa, ni moja ya masoko makubwa ya nafaka nchini. Magunia hushushwa, hupimwa uzito, bei hutangazwa kila siku. Sumukuvu nayo ipimwe palepale. Kipimo cha haraka cha kijiti hutoa jibu ndani ya muda ambao lori linasubiri kushusha. Najua ugumu wake: sumu haisambai sawasawa ndani ya gunia, hivyo konzi moja ya mahindi inaweza kudanganya, na sampuli lazima ichukuliwe sehemu nyingi na kusagwa pamoja. Ni kazi, inahitaji watu waliofunzwa. Hapo ndipo semina iende. Majibu yabandikwe kwenye ubao uleule wa bei, shehena kwa shehena, yakionyesha yalikotoka. TBS, shirika la viwango la hapa nchini lililokabidhiwa usalama wa chakula tangu Julai 2019, litangaze kila robo mwaka viwanda vilivyopimwa na namba zilizopatikana, hata pale ambapo zote zimefaulu. Mlaji akizoea kuona namba katika siku za kawaida, ataamini namba siku ya tatizo, na nzi atabaki na kazi yake ya asili.

Na gunia litakaloshindwa kipimo lisirudishwe kwa mwenyewe. Mkulima aliyelima mwaka mzima hatalichoma moto. Atalipeleka mnada mwingine usio na kipimo, nalo litasagwa na kuliwa na mtu asiyejua kwamba lilikataliwa. Serikali ilinunue, hata kwa bei ya chini, ilipeleke kwenye matumizi yasiyogusa chakula cha mtu wala cha ng'ombe wa maziwa. Jambo hilo lina gharama, na litapingwa kwa kuwa ghali. Kama fedha haitoshi kwa vyote viwili, uhamasishaji wa walaji na ununuzi wa mahindi yenye sumu, basi ianze kununua mahindi.